Mahakama Ilipokuja Barazani Kwetu

Kibokoni, Mombasa

Kaka yangu mpenzi Ishaq,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Salamu zangu zikukute salama hapo Maskati, wewe, wifi yangu na watoto. Mgongo wako umepoa? Na wifi, ile homa imemwacha? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila mimi tangu jana sijakaa kitako. Ningekupigia simu, lakini wewe kwenye simu humwachi mtu akamaliza. Ukisikia nusu utanifokea, na nusu ya habari hii haifai kusikiwa peke yake. Basi soma mpaka chini, wala usiruke mstari.

Kaka, nyumba ya wazazi haivunjwi! Nilitaka kukuwekea neno hili mwisho, nimeshindwa. Haivunjwi, na jaji ameshatamka.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Wewe uliondoka umechoka, na sikulaumu. Wajua nyumba ni yetu kwa mawe na boriti zake, lakini kiwanja ni cha Ami Kamaludin, kama zilivyo nyumba nyingi za Mombasa. Ami mwenyewe hakuwa na neno nasi. Ni wanawe waliotaka kukiuza kiwanja kikiwa kitupu, wakadai kwa jina lake kwamba sisi ni wavamizi, tumejenga bila ruhusa na hatukulipa kodi ya kiwanja hata siku moja. Nasi risiti hatuna. Nani aliandikiana risiti zama za baba? Tukaenda kwa kadhi, tukaambiwa mirathi naam, lakini ardhi si yake. Tukaenda mahakama ya ardhi, tukaambiwa kwanza wajulikane warithi. Kila mlango faili letu likitupwa, nasi tukianza upya. Ndipo ukaniambia ning'oe milango na madirisha niuze, kuta niwaachie.

Sikuuza. Wabunge walipokuja Tononoka kuchukua maoni ya watu juu ya mswada wa kupanga upya mahakama, nilikwenda na Dama, jirani yetu muuza mahamri. Nia yangu ilikuwa kusikiliza tu. Dama akanifinya, mara nikajikuta nimesimama na kipaza sauti mkononi, nikisema kwamba mtu akikosea mlango huonyeshwa ulio sawa, hatupiwi viatu vyake njiani. Ukumbi mzima ulicheka na kupiga makofi. Sisemi sheria ilitungwa kwa maneno yangu, ingawa Dama humwambia hivyo kila anayekuja kununua mahamri.

Mswada ukapita, ukawa sheria, na wallahi mambo yamegeuka. Faili likifika pasipo pake halitupwi tena, huhamishwa kama lilivyo. Kadhi na jaji wa ardhi hupelekeana kila mmoja sehemu yake, bila mimi kuzunguka mji na mkoba. Tena jaji aweza kuja kukaa pale penye ugomvi, akasikiliza papo hapo, kwa Kiswahili. Faili letu lililokuwa limelala likaamka! Kadhi akamaliza ya mirathi, akathibitisha kuwa warithi ni mimi na wewe. Kisha jaji akatangaza kwamba atakuja Kibokoni kuiona nyumba na kuwasikiliza wenyewe.

Siku hiyo nilifagia mpaka kichochoro. Nikavaa gauni langu la Idi, nikaweka kahawa ya tangawizi jikoni, nikaagiza haluwa ya moto. Majirani walipoona watu wa suti wanashuka kichochoroni, na mimi nimependeza mlangoni na buibui jipya, wakadhani nimejiwa na posa. Kuna mama dirishani juu alipiga vigelegele, kaka, na wenzake wakamwitikia! Jaji, mama mmoja mpole wa sauti, alisimama akauliza kuna harusi ya nani. Nilitamani ardhi inimeze, na hata hiyo ardhi si yangu.

Wakaketi barazani. Ami Kamaludin aliletwa na wanawe, mmoja kulia na mwingine kushoto, na wakili wao, Bwana Oloo, mbele yake. Nikatoa sinia: dele la kahawa, vikombe, haluwa. Bwana Oloo akainuka kama aliyekalia makaa. Akamwambia jaji kwamba mlalamikiwa anailisha mahakama waziwazi, kwamba huko ni kutaka kuupinda uamuzi, na akaomba utetezi wangu utupwe siku hiyohiyo. Jaji akakunja uso. Akanionya kwamba mahakama haili wala hainywi nyumbani kwa mwenye kesi, na akaamuru sinia liondolewe.

Kabla sijaliinua, Ami akanyoosha mkono akachukua kikombe. Mwanawe akamshika kiwiko, naye akakipangua kile kiganja kama anayefukuza nzi. Akanywa funda moja, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima: “Kahawa ya nyumba hii mimi sijaikataa. Kila mwezi wa Mungu nalikuwa nikipokea kodi ya kiwanja changu papa hapa, kwa mkono wa babake huyu, na kikombe mkononi.”

Ishaq, Bwana Oloo akafumba macho. Jaji akamuuliza Ami kama yuko radhi kuyasema hayo kwa kiapo. Akaletewa msahafu, akaapa, akayasema yote tangu mwanzo: baba alivyopewa ruhusa ya kujenga, na yeye alivyokuwa akijia kodi mpaka miguu ilipomkatalia.

Jana tukasomewa uamuzi. Sisi ni wapangaji halali wa kiwanja, nyumba isiguswe, na kiwanja kikiuzwa tuulizwe sisi kwanza. Nilipiga takbiri mahakamani, askari akanitazama, nikapiga ya pili kimoyomoyo.

Sasa nusu iliyobaki. Mtaa mzima unausimulia ujinga wa Mejumaa aliyetaka kumlisha jaji haluwa, nami nawaacha wacheke. Lakini wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja, siwezi kukuficha. Sikukosea, kaka. Nimekalia mabenchi ya mahakama mpaka najua kwamba jaji hanywi hata maji ya mwenye kesi. Ile kahawa haikuwa ya jaji. Ilikuwa ya Ami. Kule mahakamani wanawe walikuwa wakimkalisha katikati, wakili akamsemea, na hakuna aliyewahi kumuuliza neno. Nikasema moyoni, akiketi barazani kwa baba na kikombe mkononi, hataweza kukana mahali alipoketi. Jaji angekuwa mkali, tungepoteza kila kitu. Niliichezea nyumba yako bila kukuuliza, na kwa hilo nakuomba radhi.

Na dhamiri ilinichoma pia kwa ajili ya mzee. Jana hiyohiyo nilimfuata kwake Makadara nikamweleza ukweli, kwamba nilimtegea. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika mkono akasema: “Mwanangu, mamako hakuwa akizidisha tangawizi ila siku ana haja na mtu. Funda la kwanza nikajua wanitakiani. Mimi nalikuwa nikingoja mtu aniulize.”

Nililia, Ishaq, mbele ya wanawe, na mmoja wao akanipa kitambaa. Miaka yote hii sisi na wao tunapigana, na ukweli umekaa kitini katikati yao, umenyamaza kwa adabu.

Basi nisalimie wifi na uwabusu watoto. Dama anakusalimu. Ami Kamaludin naye anakusalimu sana, na anasema uje upesi angali hai, umkaribishe kahawa wewe mwenyewe, maana kahawa yangu sasa anaiogopa. Chumba chako nimekipaka chokaa. Mlango wake haujauzwa.

Ni mimi dadako akupendaye,

Mejumaa