Helmeti ya Malaba

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Busibwabo tuko salama. Nyanya yako anavuna njugu na anakusalimu. Umeniuliza kwa nini mimi, jenerali niliyelinunulia jeshi la wanahewa ndege, sikutia sahihi kamwe bila kufungua kila sanduku.

Miaka ya sabini, nikiwa luteni, nilitumwa stesheni ya Malaba kupokea helmeti mpya za marubani.

"Afande, hizi ni mpya, weka sahihi tu," karani akasema.

Nikafungua sanduku, nikavaa moja. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini ndani mlikuwa na joto, kana kwamba imevuliwa sasa hivi. Nikatoa humo unywele mmoja mweupe. Shehena yote nikairudisha.

Unywele ule niliuhifadhi kwenye Biblia. Juzi nilipokuwa nikichana nywele Biblia ikiwa wazi mbele yangu, uliangukia mezani, kando ya unywele wangu mmoja. Nimeshindwa kujua upi ni upi.

Babu yako