Alipogusa Ile Kadi

Siku ya posho, tarehe 6 mwezi wa tisa

Nepi nimefua, hazikauki. Mvua imeanza huku Kasha. Sombe, majani ya muhogo, iko kwa moto. Nimetazama kopo la maziwa: vifuniko vya bia viko vyote, mutoto wetu Neema hakumeza hata kimoja. Dadu ya pande ishirini ya muchezo wetu haipatikani hapa, basi tuliandika namba kwa vifuniko, tunachota bila kutazama.

Walifika saa tisa, kama kila Jumamosi. Solange jirani, musuka nywele. Tonton Deo, mwalimu, yeye alituletea hii michezo ya hadisi ndani ya telefone yake. Na bwana yangu, Papa Neema. Kila mutu anakuwa mutu mwingine, mumoja anaongoza, bahati inaamua. Leo niliongoza miye. Ndani ya hadisi niliweka daraja, na vijana wanaolilinda, wanadai kitu mbele mutu apite. Papa Neema anapenda fasi kama hiyo. Anatania, anawachekesha, anapita.

Leo aliweka kidole kwa kadi ya X.

Ndiyo sheria yetu: mutu akiigusa, tunaruka ile fasi ya hadisi, na hakuna wa kuuliza sababu. Yeye hajawahi kuigusa. Nilisema haya, daraja tumevuka, tuko sokoni. Sauti yangu ilikuwa ya mutu mwingine kweli.

Juzi alirudi toka Bunyakiri na kamyo anayoendesha, ya patro, tajiri wake. Alichelewa siku nzima. Alisema ni matope.

Siku ya Mungu, tarehe 7

Misa. Mutoto mudogo anaota meno, alilia mpaka baraka ya mwisho. Papa Neema hakula. Neema alimukimbilia mulangoni, "Papa! Papa!", naye akashtuka kama amemwagiwa maji.

Siulizi. Sheria ni sheria. Lakini ni sheria ya meza, si ya kitanda. Siku ya kwanza, tarehe 15, anarudi kwa njia ile ile. Kama njia imeharibika, nijue. Kama ni kitu kingine, nijue zaidi.

Siku ya tatu, tarehe 10

Deo alipita na muchezo mupya, wa woga. Ukiona jambo baya, akili yako inapunguzwa namba. Ikiisha, umekuwa wazimu. Solange alicheka mpaka akashika ukuta.
— Tonton, woga tunao wa bure hapa. Tuuchote tena kwa kopo?
Tuliacha mbele ya kuanza. Papa Neema alicheka na mudomo tu.

Siku ya posho tutacheza ule wa maswali. Hauna kiongozi, hauna vifuniko. Unavuta kadi, inakuuliza, unajibu kama ule mutu wako wa hadisi. Mbele ya Pasaka Solange alililia mama yake humo, kisha akatukaangia sambaza, samaki wadogo wa ziwa.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Nimekata karatasi kipimo cha zile kadi Deo aliacha hapa. Nimeandika swali langu, nimelichanganya na zingine.

Siku ya posho, tarehe 13

Nimeharibu.

Kadi yangu ilimwangukia yeye. Sikuipanga, mutu aamini asiamini. Aliisoma polepole: Nani alikusimamisha njiani, na alikufanya nini? Akaitazama karibu na dirisha.
— Hii ni mukono wako, Mama Neema.
Hakugusa X. Aliweka kadi kwa meza, akatoka kwa mvua bila koti.
— Weye sasa ni polisi? Solange akaniuliza.
Deo alikusanya kadi zake, moja moja, anazipangusa. Alisema meza si fasi ya kuungamisha watu. Alisema bila hasira, na ndiyo ilinichoma. Kweli ni yao. Tulipatana kwamba pale mutu hatavutwa kwa nguvu. Ile sheria ya X ni miye niliwafundisha.

Nina haya. Na woga haujapungua.

Siku ya Mungu, tarehe 14

Kisha misa nilituma Neema kwa Solange. Papa Neema nilimukuta anachagua maharagi, kazi yangu. Nilikaa chini.
— Jana nilikosa. Unisamehe. Leo siko kwa muchezo, niko bibi yako. Kesho unapanda ile kamyo. Kulikuwa nini?
Aliendelea kuchagua. Kisha akasema, macho kwa maharagi.

Ni bariyeri, kamba imefunga njia. Kijana na bunduki, ndevu hazijaota. Alimushusha, akamupigisha magoti ndani ya matope, abiria wanatazama toka juu ya mizigo. "Niite papa." Akamwita papa. "Sikusikia." Akamwita tena. Mpaka jua likainama. Akimwita, wale wenzake wanacheka. Mbele ya kumuachilia, yule kijana alimushika kidevu: sura yako nimeishika, ukirudi hautapita.
— Na weye ungerudi?
— Patro atapatia mwingine kamyo.
— Ampatie.
— Tutakula nini?
— Sijui. Lakini hauendi.
Alisema miye siyo patro. Nilisema ni kweli, miye niko mubaya kuliko patro. Alitaka kucheka. Ikatoka kitu kingine. Nilimushika kichwa vile ninamushika mutoto mudogo.

Siku ya kwanza, tarehe 15

Asubuhi alivaa viatu vya safari. Nilifunga mutoto kwa mugongo, nikatangulia miye kwa patro.
— Siku hizi banaume banatuma babibi? patro akaniuliza.
— Hakunituma, Papa. Ile bariyeri inamungojea yeye. Dereva mwingine akienda, apite na wengine, asiende peke yake. Hilo tu.
Ufunguo alimupa dereva mwingine mbele ya macho yangu.

Nyumbani Papa Neema alisikia, akavua viatu. Hakuniongelesha.

Siku ya tatu, tarehe 17

Bado haongei na miye. Ninaenda kulima shamba la mama mumoja, mama Mudaka, ninarudi na mboga ya lengalenga, tunakula. Amekasirika juu nilimupatisha haya kwa patro. Akasirike. Yuko hapa, muzima.

Siku ya posho, tarehe 20

Kamyo imerudi salama jana, Solange aliniambia. Nilishukuru, na nikaona uchungu kidogo pia. Kazi ilikuwa yetu.

Nilimuomba Deo na Solange musamaha. Solange alisema nitalipa kwa kumushikia watoto wake. Deo ameleta muchezo mwingine: dadu mbili za ludo, sheria ukurasa mumoja, watu wanajenga kijiji. Tulicheza watatu. Papa Neema alibaki inje na mutoto mudogo. Sikumuita.

Walipoenda aliingia, akaanza kuosha sahani.
— Kijiji mulikipa jina gani?
Siku tano sijasikia sauti yake ikinielekea.
— Bado. Tumeweka kisima na nyumba chache.
— Na njia?
— Njia bado.
Alipangusa sahani, akaipanga juu ya zingine.
— Ile njia, musiiweke mbio, alisema.