Majani ya Upande wa Mawio

Quebec, Kanada
21 Juni 2009

Mama Rozalia,

Shikamoo. Miguu yako inaendeleaje? Mélanie anakula? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Nimepata kazi kwenye shamba la mizabibu la Bwana Gaston. Ni zabibu za mvinyo mwekundu, aina isiyougua ukungu, kama ile mihogo yako iliyoshinda ugonjwa wa batobato. Shida ni baridi: miaka miwili haziivi. Zisipoiva mwaka huu atang'oa zote, na kazi yangu itakwisha. Bila kazi watu wa uhamiaji hawataniruhusu kumleta Mélanie, mwanangu niliyekuachia.

Sasa kosa langu. Niliona majani mapana, nikakumbuka isombe, kisamvu chetu cha Burundi. Siku nne nimechuma mstari wa tisa, nikatwanga, nikapikia mawese yako. Nililia kwa utamu. Leo Bwana Gaston anauliza ni mnyama gani amekula mstari wa tisa.

Binti yako,
Inamahoro

Mwandiga
19 Julai 2009

Mwanangu Inamahoro,

Marahaba. Miguu inauma lakini kanisani inafika. Mélanie hajambo. Ameng'oka jino, hataki kulitupa mpaka akuoneshe.

Nimecheka hadi jirani Agnesi akaja kuuliza kuna nini. Yaani umevuka bahari kwenda kuwa mbuzi wa mzungu! Lakini mwambie. Ulipofika kwangu kutoka Burundi na mimba ya miezi minane hukunificha neno, ndiyo maana nilikufungulia mlango.

Mama yako,
Rozalia

Quebec
16 Agosti 2009

Shikamoo Mama,

Natumaini miguu ina nafuu. Nimemwambia. Hakucheka. Nikamsomea daftari nililoandika kila nilipochuma: tarehe, mti, idadi ya majani. Nilichuma ulivyonifundisha kwenye mihogo, machache kila mti, upande wa mawio ambako umande hukauka mapema. Ncha sikuzigusa, nilitoa yaliyofunika vichala. Akalichukua daftari, akaondoka nalo.

Tuombee.

Binti yako,
Inamahoro

Mwandiga
18 Oktoba 2009

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, ila kimya chako kinanitisha. Kama umefukuzwa sema tu. Nilikupokea huna kitu, sitashindwa mara ya pili.

Mama yako,
Rozalia

Quebec
22 Novemba 2009

Shikamoo Mama,

Nisamehe. Nilingoja mavuno ili nisikuandikie hofu.

Mstari wa tisa umeiva! Jua la asubuhi lilivifikia vichala, vikawa vyeusi na vitamu kabla ya barafu. Mistari mingine ilibaki michachu. Bwana Gaston amenirudishia daftari na kuuliza, "Shule gani ilikufundisha?" Nikamwambia, "Mama Rozalia wa Mwandiga." Hang'oi tena. Mwakani nitasimamia uchumaji wa majani shamba zima, na barua yake ya kazi iko tayari kwa watu wa uhamiaji.

Mama, ulinipa mlango, ukanilelea mtoto, sasa hata kazi umenipa wewe. Asante ni neno dogo, lakini pokea.

Binti yako,
Inamahoro

Mwandiga
5 Septemba 2010

Mwanangu,

Barua hii haipiti posta. Inakuja mfukoni mwa Mélanie.

Miguu usiulize, imemsindikiza hadi uwanja wa ndege. Shukrani yako nimeipokea. Nami nakushukuru kwa miaka minane ya kelele nyumbani kwangu. Sandukuni kuna dagaa wa Kibirizi na chupa ya mawese. Mpikie majani yenu hayo.

Jino amelishika mkononi tangu asubuhi. Kabla ya kumkumbatia, mwombe akuoneshe.

Mama yenu,
Rozalia