Tuliwachimbisha

Jumapili, Runyenjes

Na huyo mwenyekiti, jamani! Tumesimama kando ya handaki la wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, tumekuja kuwakumbuka waliolichimba, naye anasoma: "Handaki hili lilichimbwa." Lilichimbwa na nani? Na mchwa? Cucu, nyanya yangu, aliyelichimba akiwa msichana, alikuwa mbele yake kwenye kiti cha plastiki.

Nilikuwa karibu kufoka. Ndipo Mzee Njeru akavua kofia. Babake alikuwa homgadi, mgambo wa wakoloni, ndiye aliyewasimamia wachimbaji kwa kiboko.

"Tuliwachimbisha," akasema.

Mtu akanong'ona, "Lakini yeye hakuwa amezaliwa!"

Mzee akamsikia. "Shamba la baba nililikubali. Siwezi kukubali shamba peke yake."

Nafundisha Kiswahili, lakini sijawahi kusikia kiambishi kizito kama kile "tu". Mimi ningeweza? Naogopa nisingeweza.

Cucu akainuka, tukaondoka. Tangu nizaliwe, akitoka kanisani huzunguka kupitia mtoni ili asipite langoni kwa kina Njeru. Leo nilianza kukata kona kama kawaida, akanivuta mkono.

"Tupitie hapa," akasema. "Ni karibu."