Mfarishi wa Vipande vya Watu

Guangzhou,
Machi 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa kwenye cherehani yako, goti limeacha kukusumbua, na Baba ameanza tena kula vizuri. Sisi huku wote watatu wazima, alhamdulillahi. Watatu, Mama! Ni mara yangu ya kwanza kuliandika neno hilo.

Najua Idi alipiga simu dukani kwa Mjomba, akasema, "Mtoto wa kike, mama mzima," laini ikakatika. Hukupata hata kuuliza amefanana na nani. Sasa kaa vizuri nikusimulie.

Unakumbuka tulipanga nije nijifungulie kwako. Daktari akanikataza kupanda ndege, presha ilikuwa juu na miguu imevimba. Idi alikuwa akishinda Shahe, kule kwenye nguo za jumla, akikagua mashati ya kupeleka Dar. Mimi nabaki chumbani ghorofa ya tano, na baridi ya huku ni ya unyevu, hata nguo ya kabatini unaivaa kama haijakauka. Nilikuwa nasema na kuta.

Mlango wa pili anakaa mama mmoja mtu mzima, anaitwa Lan. Mimi namwita Ayi, kama sisi tunavyosema shangazi. Alishona miaka mingi kwenye kiwanda cha mifarishi ya kupeleka ng'ambo. Kilipofungwa akabaki na cherehani na furushi la karatasi za michoro. Siku moja alinikuta nalia kwenye ngazi. Aliniingiza kwake, akanipa maji ya moto, akaniwekea karatasi mbele.

Wewe fundi utaipenda kazi hii. Karatasi ni nyepesi, ina mraba mdogo katikati na mistari inayouzunguka kama magogo ya kujengea kibanda. Nyuma ya ule mraba unaweka kitambaa chekundu. Juu yake unalaza kipande kingine, uso kwa uso, kisha unageuza karatasi na kushona juu ya mstari. Unafunua, unakandamiza kwa ukucha, unapunguza kilichozidi, unaongeza kingine, unazunguka hivyo mpaka karatasi ijae: upande huu rangi nzito, upande ule rangi nyepesi. Hata kitambaa kikiwa kimekatwa ovyo, mstari unakunyoosha. Mishono iwe midogo, ili mwishoni karatasi ichanike bila kuvuta uzi. Kipande changu cha kwanza nilikiweka kinyume, kikafunukia nje ya mchoro. Ayi akacheka mpaka akashika ubavu, akaniambia nifumue.

Basi akanieleza, kwa Kichina cha polepole, kwamba kwao mtoto akikaribia kuzaliwa, ndugu wanapita nyumba kwa nyumba kukusanya vitambaa wamshonee mfarishi, awe amefunikwa na watu wengi, wamkinge na mabaya. Nikamwomba Idi anisaidie kukusanya. Hakupenda.

"Saumu, niende kwa malaoban wangu wa Shahe, matajiri wanaoniuzia mali, niombe matambara? Watasema Mtanzania kafilisika."

"Si matambara. Kipande cha kiganja tu."

"Na mambo yao ya kinga? Mtoto wa Kiislamu hakingwi na viraka."

"Kinga ni ya Mungu, Idi. Hili ni blanketi."

Alichukua koti lake akatoka. Nikaendelea na nilivyokuwa navyo: shati lake lililochanika, pazia kuukuu la Ayi, na gauni langu la kijani lisilonienea tena.

Uchungu ukanishika kabla ya wakati wake. Nilikuwa nimekaa hapohapo kwa Ayi, mkasi mkononi. Yeye ndiye aliyesimamisha teksi, akanishika mkono mpaka hospitali, akiongea njia nzima maneno ambayo kwa uchungu ule sikuyaelewa hata moja.

Mama, alikuwa mdogo. Nilimwona mara moja tu, mwekundu, mikono kama vijiti vya kiberiti, wakamchukua wakamweka kwenye kisanduku cha kioo chenye joto. Sikuruhusiwa kumshika. Kila asubuhi nikimuuliza nesi, ananijibu ningoje. Ziwa limejaa, mtoto yuko kule, mimi niko huku. Nilikutaka wewe, Mama. Sijui niseme vipi.

Ayi alikuja na supu ya kuku na tangawizi. Kuku alichinjwa na Idi mwenyewe, ili nile kwa amani. Ayi akanikataza kuosha nywele na kukaa penye upepo, akasema kwao mzazi hutulia ndani mwezi mzima. Nilipomwambia kwetu ni arobaini, alinikumbatia kama amegundua sisi ni ndugu. Kisha akatoa mfukoni karatasi, sindano na uzi. Nikawa nashona kwa mkono kwenye benchi, mbele ya chumba cha vioo alimolazwa mtoto. Macho yakiwa kwenye mstari, moyo ulitulia kidogo.

Jioni moja Idi akaja na mfuko wa nailoni wa sokoni. Akaumimina kitandani kwangu, vikamwagika vitambaa vya kila rangi.

"Hiki cha laoban wa mashati. Hii ni aproni ya mpishi wa mgahawa wa Waislamu. Hiki cha yule Mkongomani wa ghorofa ya chini, alikuwa amevaa shati, akalikata mkia mbele yangu."

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia binti yangu yuko kwenye kioo."

Akakaa, akajifunika uso kwa viganja. Tangu anioe sijawahi kumwona hivyo. Nilimwekea mkono mgongoni.

Mungu ni mwema. Mtoto akaanza kunyonya, akaongezeka, mashavu yakatokeza. Siku waliyonipa mtoto mkononi nilisahau Kichina chote, nikamshukuru nesi kwa Kiswahili. Nyumbani Ayi aliunganisha miraba, sisi watatu tukakaa chini kubandua karatasi kwa nyuma, Idi akichana kwa uangalifu kama anafungua barua ya serikali. Tukatia pamba na bitana. Binti tumemwita Rehema. Pua ni yako, usibishe.

Juzi alikuja mke wa yule laoban wa mashati kumtazama. Kabla hajamwangalia mtoto alipekua mfarishi mzima, akakipata kipande chao cha mistari ya buluu, akakigonga kwa kidole na kucheka. Ndipo akamshika Rehema.

Nisalimie sana Baba, mwambie mjukuu wake anapiga kelele kuliko muadhini. Nisalimie Mjomba kwa kutuvumilia na simu, dada Mwanaidi na wanawe, na Bi Kombo aliyenisomesha Kurani. Idi anakuamkia.

Nina ombi moja. Upindo wa upande wa kichwani bado hatujaufunga, tunakungoja wewe. Kata kipande cha kanga unayoshinda nayo jikoni, ukitie kwenye bahasha. Kisiwe kipya, na tafadhali, Mama, usikifue. Nataka amjue bibi yake kwa harufu.

Mwanao akupendaye,
Saumu