Ilikuwa Jumatano

Vesela, uko? Kaka yangu Stoyko nusura avunje uchumba wake leo.

Tuko mezani kwa wakwe zake, hata banitsa, ile pai ya jibini, haijakatwa. Mama mkwe Zdravka anajisifia harusi yao ya kanisani, Jumamosi tarehe 14 Mei 1986.

Unamjua Stoyko na kuhesabu siku kichwani. Akasema, "Mama, tarehe hiyo ilikuwa Jumatano."

Jumatano, Vesela. Mbele ya ukoo mzima. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba mkwe akaweka uma chini. "Zdravka, waambie tu."

Kumbe walitoroka. Baba yake Zdravka alimkataa kijana wake, wakaoana kwa msajili siku ya kazi, mzee akiwa kiwandani.

Mama mkwe akacheka mpaka machozi. "Wanangu wote nimewaficha, huyu kanikamata kwa dakika moja. Mkwe wangu, sogea karibu nami."