Nyirinyiri ya Siku Kumi

Kadar, mbuzi mgonjwa umpe dawa. Kisha msomee bibi yetu, Ayeeyo, haya, polepole.

Ayeeyo, nisamehe. Asubuhi nilicheka ulipoleta nyirinyiri uliyoikausha na kuikaanga, nyama ya safari ya siku kumi, kana kwamba nafuata ngamia. Ukaingia ndani bila kuniombea dua. Kutoka Wajir hadi Nairobi kwa ndege ni kama saa moja na robo tu. Nitapaa ukishaswali adhuhuri. Kabla ya alasiri nitakuwa nimetua.

~~Nyama nimeiacha kabatini, mkoba umejaa.~~ Nimetoa viatu, nimeibeba yote. Safari ni fupi, lakini kazini sitapata likizo kwa miezi minne. Huko ndiko nitakakoihitaji.

Niombee, hata kama niko angani.

Mjukuu wako,
Ramlo